Sura ya 6: Geti la Bwesumbu

Paneli ilishuka kutoka kwenye basi la Kampala ikiwa imefungwa kwa turubai na kamba za mpira. Niliipokea Kasese mjini, nikateremka nayo hadi Bwera kwa fundi wa kuchomelea aliyekuwa akiingoja tangu wiki iliyopita. Hakuwa na haraka. Aliilaza juu ya benchi, akakata kamba, akaipangusa masizi kwa kitambaa, kisha akatoa tepu mfukoni. Akapima upana. Akapima tena. Akaniangalia.

"Mwalimu, ulisema mia sita."

"Ndiyo, mzee. Mia sita kwa mia tisa."

"Hii ni mia nne na hamsini."

Urefu nao ulikuwa milimita 675 badala ya 900. Fremu ya geti, ambayo mzee alishaichomelea na kuipiga rangi ya kwanza, ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma yetu. Tulipoisimamisha paneli ndani yake, lilibaki pengo ambalo kuku angepita bila kuinama.

Geti lile lilikuwa la ghala la kahawa huko Bwesumbu, kwenye miteremko ya Rwenzori. Wakulima waliomba vitu vitatu: mstari wa vilele vya mlima, tawi la mbuni lenye matunda yake, na chini jina la mahali kwa herufi kubwa, BWESUMBU, likatwe ndani ya chuma ili mwanga upite. Nilichora mimi. Na kwenye jina hilo ndipo palipokuwa na kosa la pili. Herufi B ina matundu mawili, na kila tundu lina kipande cha chuma katikati kinachopaswa kushikiliwa na daraja dogo kisianguke. Jina lina B mbili. Vipande vyote vinne havikuwepo. Kila B ilikuwa shimo moja lenye umbo la B, kama jino lililong'oka.

Nilimpigia simu kijana wa mashine kule Kampala nikiwa na hasira. Akanijibu kwa upole kwamba amekata kile faili ilichosema. Niliporudi kwenye kompyuta na kuifungua faili ile kwa jicho la mtu asiyenijua, nilimkuta ana haki. Mashine ilikuwa imetii kila namba na kila mstari. Nilichokijua mimi kuhusu geti lile kilibaki kichwani mwangu na kwenye skrini yangu. Kwenye faili hakikufika.

Sura hii inahusu safari hiyo fupi, kutoka skrini ya mchoraji hadi ncha ya moto wa plazma, miale ya leza au kisu cha mashine ya stika. Ni safari ya sekunde chache, lakini ndiyo inayopoteza chuma, mbao na pesa za watu. Vitu viwili hupotea njiani kuliko vingine vyote: kipimo na matabaka.

Namba isiyo na kipimo

Picha ya simu ni uwanja wa nukta za rangi. Mchoro wa vekta ni kitu kingine: ni maagizo. Anzia hapa, nenda pale, pinda hivi, rudi ulikoanza. Kila "hapa" na "pale" ni namba mbili, moja ya kulia na moja ya juu. Ndiyo maana mashine inaweza kuufuata, na ndiyo maana unaweza kuukuza bila kuuharibu. Lakini faili ikisema mstari unatoka 0 hadi 600, bado hujaambiwa kitu. Ni 600 ya nini?

Watu wa Bwera hawahitaji kufundishwa uzito wa swali hilo. Wanaishi kwenye mpaka wa vipimo. Upande huu wa mto Lubiriha, Uganda iliyotawaliwa na Waingereza ilirithi inchi na futi, na ingawa serikali ilihamia mita zamani, mbao bado zinauzwa kwa inchi na bamba la plywood bado linaitwa nane kwa nne. Upande wa pili, Kasindi, Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji imezaliwa na mita. Seremala wa huku akisema futi mbili ana maana ya milimita 609.6, mwenzake aliyejifunza kazi Beni huandika sentimita 60 na kuendelea. Tofauti ni chini ya sentimita moja. Mlango unakwama kwa chini ya hapo. Kwa hiyo mafundi wa mpakani wana tabia njema: kabla ya kukata, wanaulizana. "Futi au senti?"

Mashine haiulizi. Na faili nyingi tunazoipa hazijibu.

Chukua DXF, aina ya faili inayopokelewa na karibu kila mashine ya kukata. Autodesk waliitoa mwaka 1982 pamoja na toleo la kwanza la AutoCAD. Ndani yake ni maandishi matupu, namba juu ya namba, na kwa miaka mingi hakukuwa na mahali pa kutangaza kama namba hizo ni inchi au milimita. Baadaye uliongezwa mstari kwenye kichwa cha faili, unaoitwa $INSUNITS. Ukifuatwa na 1, ni inchi. 4 ni milimita. 5 ni sentimita. 6 ni mita. Na 0 maana yake hakuna kipimo kilichotajwa. Ni mstari mdogo wenye thamani kubwa, lakini programu nyingine za kukatia huuruka bila kuusoma na kushika kipimo zilichozoea.

SVG, iliyopitishwa na shirika la W3C mwaka 2001, ilizaliwa kwa ajili ya kurasa za intaneti, na kwa hiyo ina mawazo ya skrini. Ukiifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi, utaona mwanzoni mistari ya namna hii:

width="600mm" height="900mm" viewBox="0 0 600 900"

Isome taratibu, kwa sababu siri yote imo humo. Namba mbili za kwanza zinasema ukubwa wa mchoro duniani: milimita 600 kwa 900. Sehemu ya tatu inasema ukubwa huo umegawanywa katika vipande vingapi: 600 kwa 900. Basi kipande kimoja ni milimita moja, na hakuna anayehitaji kubahatisha. Sasa ondoa herufi mm. Namba 600 inabaki, lakini kwa kanuni ya SVG namba isiyo na kipimo ni pikseli, na pikseli 96 hufanya inchi moja. Paneli ya milimita 600 imekuwa ya milimita 158.75, na haujaguswa mstari hata mmoja wa mchoro.

Kila kosa lina namba yake

Nilipokaa kwenye benchi la mzee siku ile nikiwa nimeinamisha kichwa, yeye alikuwa akipiga hesabu kwa chaki juu ya chuma. Aligawanya 450 kwa 600, akapata 0.75. Akagawanya 675 kwa 900, akapata 0.75 tena. "Imepungua sawasawa," akasema. "Hili si kosa la mkono." Alikuwa ameshika ufunguo. Mkono unapokosea, hukosea huku zaidi na kule kidogo. Kipimo kinapokosewa na programu, kila kitu hubadilika kwa uwiano mmoja, na uwiano huo humtaja mkosaji.

Programu za wachoraji wa vitabu na mabango zimerithi pointi ya wachapishaji, ambayo 72 hufanya inchi. Programu zinazofuata kanuni za intaneti huhesabu 96. Gawanya 72 kwa 96 utapata 0.75. Mchoro wangu ulihifadhiwa kwa pointi bila kutaja kwamba ni pointi: upana wake ulikuwa umeandikwa 1700.79, ambayo ndiyo milimita 600 kwa hesabu ya 72. Kompyuta ya Kampala ikausoma kwa hesabu ya 96, na milimita 600 ikawa 450 kamili.

Tangu siku hiyo nina karatasi iliyobandikwa juu ya meza yangu. Nakushauri uwe nayo:

0.75: pointi zimesomwa kama pikseli. 600 imekuwa 450.
1.333: kinyume chake. 600 imekuwa 800.
0.9375: faili ya zamani ya Inkscape. Kabla ya toleo la 0.92, lililotoka Januari 2017, programu hiyo ilihesabu pikseli 90 kwa inchi. Sasa ni 96. 600 imekuwa 562.5.
2.83: pointi zimesomwa kama milimita. 600 imekuwa 1,701.
3.78: pikseli zimesomwa kama milimita. 600 imekuwa 2,268.
25.4: milimita zimesomwa kama inchi. 600 imekuwa mita 15 na zaidi.
0.039: inchi zimesomwa kama milimita. 600 imekuwa 23.6, ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti.

Pima kilichokatwa, gawanya kwa ulichotaka, tafuta jibu kwenye orodha. Mara nyingi utakuwa umempata mwizi kabla chai haijapoa.

Lakini tazama orodha ile kwa uangalifu. Kosa la 25.4 halina madhara, kwa sababu meza ya kukatia ya kawaida haifiki mita 15. Mashine itagoma na mtu atacheka. Kosa la kuogopa ni lile la 0.9375. Paneli ya milimita 562 inafanana na paneli ya 600 kwa macho. Itapakiwa kwenye basi, itapandishwa pikipiki hadi mlimani, na ni pale tu tundu za boliti zinapokataa kukutana ndipo watu watajua. Kosa kubwa hujitangaza lenyewe. Dogo husafiri nawe hadi mwisho wa barabara.

Kuna kosa jingine dogo la namna hiyo, nalo ni la unene wa mstari. Programu nyingine zinapopima umbo huhesabu na wino wake. Mraba wa milimita 600 uliochorwa kwa mstari wa unene wa milimita 1 husomeka 601, kwa sababu nusu ya mstari iko nje kila upande. Anayeona 601 na kuurekebisha kwa mkono hadi 600 amepunguza njia halisi ya kisu. Mashine haifuati wino, inafuata uzi usioonekana ulio katikati ya wino. Ondoa unene, au iambie programu ipime umbo tupu.

Na kama moto wa plazma unakula milimita moja au mbili za chuma, usijaribu kufidia kwa kukuza mchoro mzima. Ukikuza, tundu nazo zinakua, wakati ambapo moto tayari umezipanua. Fidia ya upana wa mkato hufanywa mstari kwa mstari, ndani au nje ya umbo, na programu ya mashine inajua kuifanya. Mkubaliane tu ni nani atakayeifanya. Mkifanya wote wawili, mmeharibu. Asipofanya yeyote, mmeharibu pia.

Matabaka

Kasese ni mji uliozaliwa na shaba. Reli ilifika hapo mwaka 1956 ili kubeba mazao ya mgodi wa Kilembe, ulio kwenye bonde la mto Nyamwamba juu ya mji, na mgodi huo ulifanya kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mgodi wa chini ya ardhi hauchorwi kwenye karatasi moja. Kila ngazi ya njia za chini ina ramani yake, na ramani zote zina gridi ileile, ili ukizipanga moja juu ya nyingine uone shimo la ngazi ya juu linakutana wapi na njia ya ngazi ya chini. Atakayechanganya ngazi mbili kwenye karatasi moja bila kutenga, au akapoteza gridi ya mojawapo, anaweza kumtuma mtu achimbe mahali ambapo juu yake kuna tupu.

Tabaka la mchoro, au leya kama vijana wa kompyuta wanavyoliita, ni karatasi ya namna hiyo. Kwenye geti la Bwesumbu nilihitaji matatu. La kwanza ni alama za kuchorwa juu juu tu, kama mishipa ya majani ya mbuni. La pili ni matundu ya ndani. La tatu ni mzunguko wa nje. Mpangilio huo una sababu: ukikata mzunguko wa nje kwanza, bamba linaachana na shiti mama, linainama au kusogea, na matundu yote yanayofuata yanakatwa mahali pasipo pake. Ndani kwanza, nje mwisho. Hivyo tabaka linabeba nguvu, kasi na zamu.

Tatizo ni kwamba aina za faili hazikubaliani tabaka ni nini. DXF inalijua kwa jina: kila mstari ndani ya faili una lebo ya tabaka lake, na ukisahau kuuweka popote, huangukia tabaka liitwalo 0. SVG haina tabaka kabisa katika kanuni zake. Ina makundi tu. Inkscape huandika jina la tabaka kama lebo yake yenyewe juu ya kundi, na ukihifadhi kwa namna ya SVG ya kawaida isiyo na nyongeza za Inkscape, lebo hiyo hufutwa. Programu nyingi za leza, LightBurn ikiwemo, hazijali jina. Zinatenga kazi kwa rangi ya mstari. Na mashine za stika, zile zinazokata majina ya magari na pikipiki, nyingi zinazungumza lugha ya zamani ya Hewlett-Packard iitwayo HPGL, ambamo hakuna tabaka wala rangi bali kalamu: kalamu ya kwanza, kalamu ya pili. Kipimo chake nacho ni cha peke yake, vipande 40 kwa milimita moja.

Dawa ni kusema jambo moja kwa njia mbili. Kila tabaka nalipa jina na rangi yake, na sichanganyi kamwe: 01_ALAMA bluu, 02_NDANI kijani, 03_NJE nyekundu. Jina halina nafasi katikati, linaanza kwa namba ya zamu. Jina likipotea njiani, rangi itafika. Rangi ikipotea, jina litafika.

Na gridi ya Kilembe? Hiyo nayo ina mfano wake. Wapo wanaohifadhi kila tabaka kama faili ya peke yake, na programu, kwa nia njema, hukata nafasi tupu pembeni ya kila moja. Faili tatu zikifunguliwa upya, kila moja inaanzia kona yake na hazikutani tena. Chora fremu moja ya ukubwa wa paneli na uiweke kwenye kila faili, ili zote zishike kona moja.

Nyeupe haifuti

Sasa turudi kwenye herufi B. Madaraja yake niliyachora, na kwenye skrini yalionekana wazi. Lakini niliyachora kwa njia ya mchoraji wa mabango: mistatili midogo myeupe, kwenye tabaka lake, iliyolala juu ya mstari wa herufi na kuuficha. Jicho likaona mstari umekatika. Chini ya weupe, mstari ulikuwa mzima, na mashine ikaufuata mzunguko wote hadi kipande kikaanguka.

Hili ni somo ambalo kila anayetoka kwenye uchapishaji kuja kwenye ukataji lazima alipokee. Kwenye karatasi, kilichofunikwa hakipo. Kwenye kukata, hakuna kinachofunikwa. Umbo lililofichwa nyuma ya jingine litakatwa. Sehemu iliyofunikwa kwa kinyago cha programu inaweza kukatwa nzima. Mistari miwili iliyolaliana ukaiona mmoja itakatwa mara mbili, na ukingo utaungua. Tabaka ulilolizima jicho, programu nyingine zitaliacha na nyingine zitalituma. Inkscape kwa mfano, inapotoa DXF, inakuuliza kama unataka yote au yanayoonekana tu, na ni lazima ujibu kwa kujua.

Kwa hiyo daraja halipakwi juu, linakatwa kwenye umbo lenyewe: toa mstatili kutoka kwenye herufi hadi njia ya B ikatike kweli. Herufi nazo zigeuzwe kuwa mistari kabla ya kutuma, kwani kompyuta ya Kampala isipokuwa na fonti yako itaweka yake. Na kabla ya kuamini lolote, badilisha mwonekano wa skrini uone mistari mitupu bila rangi. Hapo unaona kile mashine inachokiona. Laiti ningefanya hivyo, B zangu zingesimama.

Mraba wa shahidi

Faili ya pili niliituma baada ya siku tatu. Niliitoa, nikaifunga programu, kisha nikaifungua tena kwa programu nyingine kabisa, maana faili isomwe na asiyeiandika ndipo ijulikane. Nikakagua upana: 600. Nikahesabu matabaka: matatu, na la nne jipya.

La nne niliita 09_KIPIMO. Ndani yake mna mraba mmoja tu, milimita 100 kwa 100, kwenye kona ya nje ya paneli. Katika ujumbe wa simu niliandika: "Kaka, kabla hujakata, pima huo mraba kwenye programu yako. Kama si 100, usikate, nipigie. Paneli nzima ni milimita 600 kwa 900. Anza na 01, maliza na 03. Tabaka la 09 usikate." Sentensi tano. Ndizo zinazofanya kazi ya yule seremala wa mpakani anayeuliza futi au senti. Akanipigia jioni ileile. Mraba wake ulikuwa 100.

Paneli ilipofika Bwera, mzee alipima mara moja tu. Iliingia kwenye fremu na kuacha nafasi ya flatibaa tuliyoikusudia. Tuliibeba hadi Bwesumbu, na asubuhi jua linapopanda, mwanga hupita kwenye jina na kuliandika sakafuni mwa ghala, macho yote manne ya B yakiwa mahali pake.

Ile paneli ndogo mzee hakuiuza kama chuma chakavu. Imening'inizwa karakanani kwake, juu ya benchi. Kijana mpya akija kujifunza kazi, kabla hajapewa miwani ya kuchomelea, hupewa tepu na chaki. Anaambiwa apime upana wa paneli ile, agawanye kwa mia sita, kisha aseme ni nani aliyeipunguza.